Msikiti wa Kongo na Jina la Washirazi

Kawaida safari hii huenda upande mwingine. Watalii huamka Diani alfajiri, wakapakiwa garini hadi Bodo, wakavushwa kwa mashua kuja kwetu Funzi kutazama mamba wa Mto Ramisi, mikoko, na mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakipwa. Wanakula kaa na kamba, wanapiga picha, jioni wako hotelini. Mimi nilifanya safari hiyohiyo kinyumenyume. Nilitoka Funzi kwenda Diani kutazama msikiti, na nilitakiwa nirudi siku hiyohiyo, kabla maji hayajapwa mashua ikakwama mbali na gati.

Aliyenituma ni bibi, mamake mama. Kila jambo kubwa katika ukoo wetu yeye hulianza na maneno mawili: "Sisi Washirazi." Akiwa msichana mdogo alipelekwa mara moja kwenye Msikiti wa Kongo, na tangu hapo, kwake yeye, ule ni ushahidi uliosimama. "Nenda kaone nyumba ya wazee wetu," aliniambia, "halafu uje uniambie kama wale walimu wako walisema kweli."

Walimu wangu. Mwaka wa pili, kabla sijaacha chuo, nilikaa kwenye ukumbi wa mihadhara nikasikia kwamba Ushirazi ni hadithi ya kujipa hadhi. Kwamba watu wa pwani walijibandika asili ya Uajemi ili wasihesabiwe pamoja na majirani zao. Darasa zima lilicheka kidogo. Mimi nilinyamaza. Likizo nilipomsimulia bibi, hakucheka, wala hakugomba. Aliendelea kusuka ukili wake kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua haina maji.

Basi nilivuka Bodo asubuhi, nikapanda bodaboda hadi barabara kuu, halafu matatu ya Ukunda. Msambweni tulisimama kidogo. Gazi tulipita mbio, ingawa pale ipo nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na kukimbilia upande wa Wajerumani mwaka uliofuata. Nyumba hiyo baadaye iligeuzwa shule. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya Gazi. Siku nyingine. Ukunda nilichukua tuktuk, nikamwambia dereva "Kongo, msikitini," naye akauliza kama nakwenda kuswali au kuogelea, maana wengi wanaoteremka pale hawaendi kuswali.

Msikiti uko kaskazini kabisa mwa ufuo wa Diani, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Umekaa juu, kwenye jabali la matumbawe, katikati ya mibuyu minene. Chini ni mchanga mweupe na watu: familia zenye vyombo vya wali, vijana na mpira, ngamia wa kupandisha wageni. Maji yakipwa unaweza kuvuka mto kwa miguu hadi upande wa Tiwi. Ukipanda kutoka ufuoni kelele zinabaki chini, unakutana na kivuli, halafu jengo lenyewe: dogo, zito, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari la kuba ndefu kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Nilitarajia gofu. Si gofu. Viatu vilikuwa mlangoni, kwa sababu watu wanaswali humo mpaka leo.

Wenyeji na vitabu vya wageni huuhesabu kuwa wa karne ya 14 au 15, na jina lake la mjini ni "Msikiti wa Waajemi". Jina hilo ndilo lililonileta.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Funzi.

"Funzi kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wa bibi. Akatikisa kichwa polepole. "Basi wewe si mgeni hapa. Ingia ukaswali rakaa mbili, halafu ndio uulize maswali yako."

Niliswali. Na nikiwa nimeelekea kibla nikagundua jambo ambalo darasani halikutajwa hata siku moja. Kutoka kwetu Kwale, Makka iko karibu kaskazini kamili. Ukisimama mihrabuni, bahari iko mkono wako wa kulia na bara mkono wa kushoto. Shiraz, mji ule wa Uajemi tunaoambiwa tumetoka, uko mbali huko kaskazini mashariki. Yeyote aliyepima ukuta huu hakuwa anaelekea kwao. Alikuwa anaelekea Makka, na ufuo wa nyumbani umemlalia sambamba. Najua hili si ushahidi wa kitu chochote, kwani kila msikiti huelekea Makka. Lakini lilinifanya niangalie kuta badala ya jina.

Kuta ni za hapahapa. Ujenzi wa zamani wa pwani yetu ulitumia matumbawe ya namna mbili. Kuna jiwe gumu la nchi kavu, linalochimbwa kwenye jabali, ambalo ndilo mwili wa ukuta. Na kuna tumbawe linalokatwa baharini likiwa bichi. Wakati huo ni laini, fundi analichonga anavyotaka, kisha likikauka linakuwa gumu, na hilo ndilo la mihrabu na milango. Chokaa nayo hutoka baharini: matumbawe yanapangwa juu ya lundo la magogo, yanachomwa, unga unaachwa ukae kabla ya kutumiwa. Kazi hiyo inataka mtu anayejua miamba, anayejua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, anayejua mti upi unawaka taratibu. Mgeni aliyeshuka melini jana hawezi. Hata awe na fedha kiasi gani, lazima awatafute wenyewe.

Na misikiti ya pwani haikuanza na mawe. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta msikiti chini ya msikiti, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Maana yake watu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za udongo waliswali kwenye msikiti wa udongo, wakaukuza kidogokidogo kadiri walivyoweza, vizazi kwa vizazi, mpaka wakafika kwenye mawe. Hakuna meli iliyoshusha msikiti uliokamilika.

Kwa hiyo mhadhiri alikuwa sawa? Ngoja kwanza.

Hadithi ya Washirazi si ya bibi yangu peke yake. Iko katika habari za Kilwa, zilizoandikwa karne ya 16 na kunukuliwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha 1552: mwana wa mfalme wa Shiraz anasafiri na kuanzisha mji. Mwaka 1965 Neville Chittick aliandika kwamba hao Washirazi hawakutoka Uajemi moja kwa moja bali waliteremka kutoka pwani ya Banadir, Somalia ya leo. Baadaye wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema hakuna aliyetoka popote. Nadhani hapo ndipo mhadhiri wangu aliposimama, na hapo ndipo wengi wa rika langu waliosoma kidogo walipo.

Lakini Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Vyombo vya udongo vya Ghuba vimefukuliwa pwani nzima. Nahodha, nanga, bandari, pamba, diwani: maneno haya yana asili ya Kiajemi, na hata hili la "bibi" ninalomwitia yeye. Kisha mwezi Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa, pamoja na eneo moja la bara. Kwa wale wa miji ya pwani, matokeo yangemfurahisha bibi na kumuudhi pia. Zaidi ya nusu ya asili ya wengi wao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo iliingia hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na kwa karne za mwanzo ilikuwa hasa ya wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Anayejua pepo haoni ajabu. Meli za Ghuba huja na kaskazi na lazima zingoje kusi ili zirudi. Nahodha anakaa miezi. Anakaa kwa nani? Kwa mwenyeji mwenye kisima, mwenye chakula, mwenye binti. Mtoto anayezaliwa analelewa kwa lugha ya mamake, anakula chakula cha mamake, na akiulizwa ukoo anataja babake, kwa sababu ndivyo ukoo wa Kiislamu unavyohesabiwa. Baada ya vizazi ishirini linabaki jina la baba na lugha ya mama.

Sikiliza lugha yenyewe. Kwetu Funzi, Bodo na kijiji kinachoitwa Shirazi, lugha ya wazee inaitwa Chifundi. Si Kifundi, ni *Chi*fundi, kama Chidigo, kama Chiduruma. Derek Nurse na Martin Walsh waliiandikia mwaka 1992, pamoja na Chivumba cha Wasini na Vanga, wakaonyesha jinsi lahaja hizi zilivyokaa karibu na Kidigo. Bibi anasema "Sisi Washirazi" kwa lugha ambayo kila mdigo anaielewa. Mimi nilikua nikidhani hilo ni kinyume. Siku ile, pale juu ya jabali, nikaona huenda alikuwa ananisimulia pande zote mbili kwa sentensi moja, ila nilikuwa nasikiliza upande mmoja.

Mbona basi jina linaniuma? Kwa sababu ya ardhi.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliukodisha mwambao wa maili kumi kwa Waingereza. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye madai ayalete, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Waliojua kuandika, waliokuwa na hati na mashahidi wa kukubalika, walipata. Waliomiliki kwa kaya, kwa makaburi, kwa mnazi uliopandwa na babu, wakawa maskwota kwenye mashamba yao wenyewe. Katika utaratibu huo, kuitwa mtu wa kuja kulikuwa na faida kwa muda. Ukoo wa ng'ambo ulikupandisha ngazi moja mbele ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana siwalaumu wazee waliolishikilia jina. Ila ngazi hiyohiyo iligeuka baada ya uhuru. Ukishasema msikiti ni wa Waajemi na mji ni wa Waarabu, ni rahisi mtu akakuuliza wewe uliyebaki hapo unadai nini. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini, zikiwemo ardhi za pwani na misitu. Kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya ya Wadigo, kina hoteli. Diani yenyewe, njia za kufikia bahari zinahesabika.

Kongo ulipona. Nilimuuliza mzee kwa nini, akanijibu kama vile swali lilikuwa la kitoto: "Kwa sababu hatukuacha kuswali." Pahali penye adhana mara tano kwa siku ni vigumu kupazungushia ua.

Nikafikiria ng'ambo ya ghuba yetu, kijiji cha Shirazi, ambako kuna magofu ya msikiti wa zamani. Mashua za watalii huingia ghuba ileile na kugeukia mamba. Hakuna tuktuk ya kukuuliza unakwenda kuswali au kuogelea. Mwaka 1900 Mwingereza Hollis aliandika habari za Vumba, jinsi mtawala wao alivyopigana na miji ya Washirazi wa upande huu na kuishinda, akisaidiwa na Wasegeju. Kumbe hata sisi tulikuwa na historia ya kushindwa, yenye miji na majina ya watu, siyo hadithi ya meli tu. Bibi hajawahi kunisimulia vita hivyo. Nilipanga kumuuliza.

Nilichelewa Ukunda kwa sababu matatu ilingoja ijae. Nilipofika Bodo maji yalikuwa yameshaanza kukimbia, na upande wa Funzi ilibidi tushuke, tukunje suruali, tutembee kwenye tope la mikoko na viatu mkononi. Bibi alikuwa barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kumweleza yote: kibla, matumbawe, vinasaba, Shanga. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mwenzake amalize kuzungumzia hali ya hewa.

"Haya," akasema. "Na kisima? Maji yake bado matamu?"

Sikuwa nimeangalia kama kuna kisima.