Kiswa ya Al-Kaaba Katika Maonyesho ya Jeddah: Historia na Hukumu



Kuanzia Januari hadi Mei 2025, maonyesho ya pili ya Sanaa za Kiislamu yalifanyika katika jengo la mahujaji la uwanja wa ndege wa Jeddah. (Mahema yake makubwa ni kazi ya mhandisi Muislamu wa Dhaka, Fazlur Rahman Khan, aliyefariki 1982.) Humo, pamoja na vitu vya kale na kazi za wasanii wa leo, ilitundikwa kiswa nzima ya Al-Kaaba, jambo lisilopata kutokea nje ya Makka. Wako waliochukizwa: vipi vazi la Nyumba ya Allah litazamwe kama picha ukutani?

Ndugu zangu, tuitazame kwanza historia. Al-Azraqi amepokea kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa akiivua kiswa kila mwaka na kuwagawia mahujaji. Kisha Shayba bin Uthman, mshika ufunguo, alimweleza Bibi Aisha (R.A.) kuwa wao huzizika kiswa kuukuu, wakichelea zisivaliwe na mwenye janaba au hedhi. Bibi Aisha hakuliridhia hilo. Alimfahamisha kuwa ikishavuliwa haidhuriki kwa mwenye kuivaa, basi na aiuze, thamani yake wapewe masikini na wasafiri.

Katika madhehebu yetu ya Shafi ipo khilafu. Abul-Fadhl bin Abdan alikataza kuikata na kuiuza. Ibn Swalah akasema jambo hilo limo mikononi mwa kiongozi, na Imam Nawawi akaikubali kauli hiyo. Basi kama kiongozi anaweza kuiuza, kuionyesha ni jepesi zaidi. Binafsi naona ni bora kuliko kuikata vipande wakazawadiwa wakubwa.

Tena maonyesho yanatukumbusha mafundi wake. Kiswa ilishonwa Misri miaka mingi, na hati zake ziliandikwa na Abdullah Zuhdi, aliyeandika pia katika Msikiti wa Mtume. Kiwanda cha Makka kilianzishwa 1927, na Misri ikaacha kuileta 1962. Mwandishi wa hati za zama zetu, Mukhtar Alim, ana asili ya Bangladesh. Saudia ilimpa uraia mwaka 2021.

Ama aliyeletewa kipande na mahujaji, Nawawi ametaja kutoka kwa Ibn Abbas, Aisha na Ummu Salama (R.A.) kwamba anaruhusiwa kukivaa, hata akiwa na janaba.