Jino Linalorushwa Juu ya Paa

Katika nyumba nyingi za milima yetu, mtoto anapong'oka jino la kwanza hupewa agizo moja tu: alirushe juu ya paa na kuomba lingine lililo bora zaidi. Paa likiwa la nyasi, jino hupotea humo. Likiwa la mabati, huteleza likaanguka uani, na kuku hulichungulia kisha wakaliacha. Hakuna anayelitafuta tena. Nanyi vijana, wengi wenu mliyarusha yenu hivyo, na hakuna aliyewaambia kwamba mlikuwa mkirusha kitu chenye uhai ndani yake.

Kosa la kulidhani jino kuwa jiwe ni la zamani, tena lina sababu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini. Dunia inaukumbuka mfupa mdogo wenye mikato, ambao wengi huuona kuwa ushahidi wa hesabu za kale. Wachache hukumbuka kwamba mahali pale palipatikana pia mabaki ya watu wenyewe, watu walioishi kando ya ziwa hilo takriban miaka 20,000 iliyopita. Nyama ya mwili huoza, nywele huisha, lakini taya na meno husubiri. Kitu kinachodumu namna hiyo, nani angekidhania kuwa na damu?

Kwa hiyo matibabu ya jino yalikuwa matibabu ya jiwe: lenye kusumbua liling'olewa, lililopotea lilizibwa kwa jiwe lingine. Wamaya wa Amerika ya Kati, yapata mwaka 600, walipachika vipande vya kombe la baharini ndani ya taya; taya moja la namna hiyo lilifukuliwa Honduras mwaka 1931. Watu wa Babeli waliamini kwamba mdudu ndiye anayetafuna jino kwa ndani, na imani hiyo ilizunguka dunia nzima, hata kwetu. Mfaransa Pierre Fauchard, aliyechapisha mwaka 1728 kitabu kikubwa cha kwanza cha tiba ya meno, alimtafuta mdudu huyo kwa darubini asimwone. Hata hivyo mdudu hakufa upesi katika akili za watu. Mtamkuta tena mbele.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulifungue jino lenyewe. Gamba la nje, lile jeupe linalong'aa, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Seli zinazolijenga hufanya kazi wakati jino lingali limefichwa ndani ya ufizi. Linapochomoza, seli hizo hupotea, na ndiyo maana gamba likishatoboka mwili hauwezi kulitengeneza tena. Chini ya gamba kuna tabaka la pili, dentini, na katikati kabisa kuna chumba chembamba chenye nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu. Chumba hicho ndicho kinachopiga kelele usiku jino linapouma. Tena humo jino huweza kujitetea: likijeruhiwa kidogo, nyama hiyo huunda dentini mpya na kujenga ukuta kati yake na adui. Jiwe halifanyi hivyo.

Wanyama wametutangulia katika jambo hili. Mamba wa mto Rusizi huota jino jipya kila moja linapong'oka, maisha yake yote. Panya anayetoboa magunia yetu ya maharagwe hutafuna kila siku, na meno yake ya mbele hayaishi, kwa sababu kwenye shina la kila jino kuna seli ambazo hazichoki kuzaa seli nyingine. Hizo ndizo wataalamu wanazoziita seli shina: seli ambayo haijachagua kazi yake, inayoweza kujigawa, sehemu ikabaki shina na sehemu ikawa dentini, mfupa au nyama. Binadamu hupewa meno mara mbili tu, ya utoto na ya ukubwa. Swali lililowatesa watafiti ni hili: je, seli za namna hiyo zimebaki popote katika kinywa cha mtu?

Jibu lilianza na vitu ambavyo fundi yeyote wa nyumba hapa Burungu anavifahamu. Mwaka 1920 daktari Mjerumani Bernhard Hermann aliingiza katika tiba ya meno chokaa iliyozimwa kwa maji, kwa jina la kikemia haidroksaidi ya kalisi. Ikiwekwa juu ya nyama ya jino iliyofichuka, huua vijidudu na kuiamsha nyama hiyo ijenge dentini. Mwaka 1993 Mahmoud Torabinejad na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Loma Linda huko California, walieleza dawa iliyo ndugu wa karibu wa saruji ya kujengea. Huganda ndani ya jino lenye unyevu, na mwili huipokea bila kuichukia. Katikati ya miaka hiyo Mswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa amegundua, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba metali ya titani hushikana na mfupa hata isichomoke. Mwaka 1965 alimpachikia mgonjwa wa kwanza meno yaliyosimama juu ya nguzo za titani. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini titani haijui baridi wala moto, haina damu, haikui pamoja na mtoto. Ilikuwa jiwe bora kuliko mawe yaliyotangulia.

Mwaka 2000 kundi la watafiti katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, karibu na Washington, wakiwamo Stan Gronthos na Songtao Shi, lilichukua magego ya mwisho ya watu wazima yaliyokwisha kung'olewa. Katika nyama yake walikuta seli shina, nazo zilipopandikizwa katika panya ziliunda kitu kama dentini.

Kilichofuata nakipenda zaidi, kwa sababu kilianzia nyumbani. Binti wa Shi, mwenye umri wa miaka 6, alimwomba baba yake amsaidie kung'oa jino lililolegea. Jino lilipotoka, baba alilitazama akaona wekundu ndani yake, akalichukua kesho yake mpaka maabara. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitangaza kwamba jino la utoto lenye kung'oka lenyewe hubeba seli shina, takriban 12 hadi 20 kwa jino moja la mbele, nazo huongezeka haraka kuliko zile za watu wazima. Baba wangapi duniani walikwisha kulishika jino kama hilo kiganjani, wakaliona lile doa jekundu, wakalitupa?

Lakini seli peke yake haijengi jino, kama vile udongo peke yake haujengi nyumba. Sisi husimamisha fito kwanza, tukazifunga, ndipo tukakandika. Seli nazo zinahitaji fito: kitu cha kuzishikilia, kinachopatana na mwili, kinachoyeyuka polepole nyumba inaposimama. Mara nyingi fito hizo ni kolajeni, ile protini inayoipa nguvu ngozi na mifupa, nayo aghalabu hutolewa kwa ng'ombe. Mwaka 2017 kundi la Paul Sharpe katika King's College London liliziba matundu katika meno ya panya kwa sponji ndogo ya kolajeni iliyoloweshwa dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer. Dawa iliziamsha seli za jino lenyewe, sponji ikayeyuka, dentini ikachukua nafasi yake.

Kwa binadamu habari kubwa ilitoka China mwaka 2018. Watoto walioumia jino la mbele kwa kuanguka, kabla mzizi wake haujakomaa na nyama ya ndani ikafa, walipandikiziwa seli kutoka katika jino lao wenyewe la utoto. Baada ya mwaka mmoja mizizi ilikuwa imerefuka, na hisia zilikuwa zimerudi katika jino. Walikuwa watoto wachache, na matibabu hayo hayajawa ya kawaida popote. Nasema hivyo kwa makusudi, maana katika nchi tajiri zipo kampuni zinazowatoza wazazi fedha ili ziyagandishe meno ya watoto wao kwa ajili ya magonjwa ya baadaye. Ahadi yao imetangulia mbali mbele ya sayansi.

Baadhi yenu mmesikia katika mafundisho kwamba Kanisa linapinga seli shina. Sivyo ilivyoandikwa. Hati *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 inatenganisha mambo mawili: seli zinazopatikana kwa kuharibu kiinitete cha binadamu, jambo ambalo inalikataa, na seli zinazochukuliwa kwa mtu mzima, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, bila kumdhuru yeyote, ambazo inaziruhusu na kuutia moyo utafiti wake. Jino lililong'oka lenyewe halina shaka yoyote katika hesabu hiyo.

Sasa turudi kwetu, maana historia hii ina upande mwingine ambao hausimuliwi katika maabara. Miaka ileile ambayo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wakitafuta chipukizi la jino kama mtu atafutaye lulu, katika Afrika ya Mashariki na ya Kati chipukizi hilo lilikuwa likichokolewa na kutupwa.

Mtoto mchanga wa miezi michache huharisha, hupata homa, hukataa ziwa. Bibi humfungua kinywa, akaona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali chonge zitakapoota. Wanaosema Kinyarwanda huita hayo *ibyinyo*, magharibi ya Uganda huitwa *ebiino*, na Tanzania watu huyaita meno ya plastiki. Huitwa fundi. Kwa kisu, wembe, au spoki ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, hupasua ufizi na kutoa kitu cheupe, laini, kidogo kama funza. Huwaonyesha wazazi. Hapo ndipo mdudu wa Babeli anaporudi, kwa maana wazazi wameona kwa macho yao funza akitolewa. Kumbe ni jino la utoto ambalo halijapata ugumu wake, pamoja na seli zote zilizokuwa zikilijenga.

Mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliyaandika hayo mwaka 1969 baada ya kuwachunguza Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Tangu hapo yameandikwa kutoka Tanzania, Kenya, Sudan, Ethiopia, Rwanda na Kongo, na hata kutoka Ulaya na Israeli walikohamia watu wa nchi hizo. Mtoto aweza kufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda, kwa sumu kuingia katika damu. Chombo kimoja kikipita vinywa vingi, hubeba virusi vya UKIMWI. Na anayepona hubeba alama. Chini ya chonge ya utoto kuna chipukizi la chonge ya ukubwa, ambayo huota mtoto anapokuwa na umri wa kati ya miaka 9 na 12. Ncha ya spoki ikifika huko, jino hilo litaota limepinda, au lina gamba bovu, au halitaota kabisa.

Msiwadharau bibi zenu kwa hayo. Mwanaanthropolojia Hanne Mogensen, pia wa Denmark, aliandika mwaka 2000 juu ya mashariki ya Uganda, akayaita meno ya uongo na mateso ya kweli. Naona alilenga. Homa ile ilikuwa ya kweli, na kuharisha kule kuliua watoto wengi. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni akakuta zahanati haina dawa, au barabara imefungwa kwa vita, alimwendea mtu aliyekuwapo. Na kwa kuwa kuharisha mara nyingi hupoa kwenyewe baada ya siku chache, fundi alipata sifa. Alichohitaji mtoto kilikuwa maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, pamoja na kuendelea kunyonya, na kupelekwa kwa mganga wa zahanati asipopata nafuu.

Mwaka 2021 Mjapani Katsu Takahashi na wenzake walieleza kingamwili inayozuia protini moja, iitwayo USAG-1, ambayo kazi yake ni kuyafunga machipukizi ya meno yasikue. Panya waliozaliwa na upungufu wa meno, walipopewa dawa hiyo, waliotesha jino. Mwaka 2024 ilianza kujaribiwa kwa wanaume 30 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, ili kujua kwanza kama ni salama. Baada yao wanafikiriwa watoto waliozaliwa wakiwa na upungufu wa meno mengi, na watafiti wanatumaini kuifikisha kwa wagonjwa karibu na mwaka 2030. Dawa hiyo haitengenezi chipukizi. Huliamsha lililolala katika taya. Mahali spoki ilipopita, hakuna la kuamshwa.