Siku mashine ilipokubali 'jumla'

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili na kompyuta ni mbingu na ardhi. Sikubaliani nao. Mwaka 1983, nikiwa kidato cha tatu, binamu yangu wa Bungoma alikuwa na ZX Spectrum iliyounganishwa na televisheni. (Neno 'tarakilishi' sikuwa nimelisikia!) Kwetu Kitale kompyuta haikuwepo. Niliandika programu daftarini, Jumamosi nikapanda matatu kwenda kuichapa. Amri za BASIC zilikuwa za Kiingereza, ila majina ya kuhifadhia tarakimu tulijichagulia wenyewe: LET jumla = magunia * bei. Ikakubali! Mahindi ya baba yakahesabiwa kwa Kiswahili. Kabla hatujahifadhi kwenye kaseti, stima ikapotea. Kila kitu kikafutika. Jumamosi iliyofuata nilirudi na daftari lile lile.