Tezo, Keekee na Bei ya Chombo

Katika Kyumbi, mahali ambapo njia ya mji wa Machakos hujitenga na barabara kuu iendayo Mombasa, mtu ajengaye nyumba yake hukabiliwa na swali ambalo mababu zake walilijua kwa sura nyingine: anunue chombo cha kazi cha bei rahisi au cha bei ghali? Leo swali hilo ni la keekee ya umeme, na la mashine ya kukatia chuma ambayo mafundi wetu huiita grainda. Zamani lilikuwa la jembe na tezo. Si swali dogo, maana bei ya keekee moja yenye jina kubwa yaweza kununua mabati kadhaa, na nyumba isiyo na mabati haina haja ya keekee.

Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, wahunzi wa Ukambani waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi uliookotwa mitoni. Makaa yalikuwa mengi, na chuma kilichopatikana kilikuwa kidogo. Reli ilileta chuma cha Ulaya kwa bei ambayo tanuri la mhunzi halikuweza kushindana nayo, na kazi ya kuyeyusha ikafifia. Lakini kufua hakukufa. Mhunzi aliacha mchanga akashika chuma chakavu, na geuzo hilo, kwa maoni yangu, lastahili sifa kuliko lipewavyo.

Tazama Wamunyu, upande wa mashariki wa Machakos. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika katika vita vya 1914 hadi 1918, aliona huko kazi ya wachongaji, akarudi kwao na ufundi ule, nao ukaenea hata vinyago vya Wakamba vikajulikana ulimwenguni. Wachongaji hao hawakungoja vyombo vya Uingereza. Tezo zao zilifuliwa na wahunzi wa kwao kutokana na springi za magari makukuu. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, kwa hiyo hukubali kukazwa kwa moto na kupozwa ghafula, na makali yake hudumu. Basi tezo ile ilikuwa rahisi na bora kwa wakati mmoja. Tena aliyeifua alikaa karibu, nayo ikipinda aliinyosha.

Chombo cha umeme kilivunja mapatano hayo. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, iliunda keekee ya umeme ya kushikwa mkononi. Mwaka 1917 Duncan Black na Alonzo Decker wa Marekani walipata hati ya uvumbuzi wa keekee yenye mpini kama wa bastola. Yasemekana kwamba wakati wa vita vya pili wafanyakazi wa viwandani walizoea kuzichukua keekee nyumbani kwao, na hapo wenye kampuni wakang'amua kwamba mwenye nyumba naye ni mnunuzi. Mwaka 1946 walianza kumwuzia zilizo nafuu. Tangu hapo vyombo hivi vimekuwa na madaraja: cha fundi na cha nyumbani.

Tofauti imo ndani. Katika kilicho ghali, mihimili huzunguka juu ya beringi, gia ni za chuma kilichokazwa, na kaboni zikiisha hufunguliwa zikawekwa mpya. Katika kilicho rahisi sana, baadhi ya hayo hupunguzwa, nacho kikitumika kwa muda mrefu bila kupumzishwa, hupata joto mpaka waya za mota zikaungua. Lakini mwenye nyumba hutoboa matundu mangapi kwa mwaka? Huweka rafu, hufunga bawaba, kisha keekee hulala kabatini. Kwake yeye kilicho rahisi chatosha, na anayemcheka hajui hesabu. Hesabu hugeuka kwa seremala afanyaye kazi uani kwake kila siku, kwani siku moja ya kukaa bure humla zaidi ya tofauti ya bei.

Grainda haimo katika hesabu hii. Diski ndogo huzunguka yapata mara 11,000 kwa dakika, na ikivunjika hurusha vipande usoni mwa mtu. Hapo kinga ya chuma na diski imara hazipimwi kwa fedha. Wala bei kubwa pekee si dhamana. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008 kwa sababu jina kubwa huweza kubandikwa juu ya kitu chochote.

Limebaki jambo la mhunzi. Wapo mafundi wa jua kali wasukao upya waya za mota, na ustadi wao ni mrithi halali wa fuawe. Ila gharama ya kusuka mota ndogo mara nyingi hukaribia bei ya keekee mpya iliyo rahisi. Kwa hiyo iliyoungua huachwa juu ya meza ya fundi, mpaka aje mtu mwingine anayetafuta swichi tu.