Kipanda Uso katika Nchi ya Majani Chai

Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai katika vilima vya Kericho, katikati ya miaka ya 1920, kazi ya mtu katika mashamba yale imehukumiwa kwa mizani na daftari. Na madhali kipanda uso hakipimwi kwa mizani wala hakiachi jeraha mwilini, mwenye maradhi hayo hupata adha ya maumivu na adha ya kutosadikiwa.

Zama za ukoloni, kibarua aliyetoka pande za Nyanza alivaa kipande, hati ya utambulisho, shingoni, na aghalabu aliajiriwa kwa tikiti ya siku 30, ambamo siku isiyofanyiwa kazi haikutiwa alama, wala ujira haukulipwa mpaka itimie. Kipanda uso, kisipotibiwa, hudumu baina ya saa 4 na saa 72. Basi shambulio moja liliweza kumpotezea mtu siku 3 za tikiti, na juu ya hasara hiyo akaitwa mtegaji.

Ajabu ni kwamba kampuni hizo hazikupuuza kila maradhi. Malaria ilipozuka mara kwa mara vilimani humo katika miaka ya 1940, vibarua walinyweshwa dawa ya proguanili, na daftari za hospitali za mashamba zikaja kuwa hazina kwa wataalamu wa malaria. Lakini malaria ina kijidudu kinachoonekana kwa darubini, hali kipanda uso hakina shahidi ila mgonjwa mwenyewe. Na ushahidi wa kibarua juu ya nafsi yake, mbele ya nyapara, ulikuwa mwepesi kuliko kapu tupu.

Makazi nayo yalizidisha taabu. Mgonjwa huyu hutaka giza na kimya, na katika laini, yaani safu za nyumba za vibarua, palipo na vyumba vilivyopakana, moshi wa kuni na makelele ya watoto wa jirani, hayo mawili ni shida kuyapata. Mkipsigis wa Bomet aliyekuwa na kwao karibu aliweza kukimbilia kwa mama yake, akashikiwa mtoto na kuchemshiwa mitishamba. Mgeni wa mbali alijifunika blanketi.

Hofu huzaliwa hapo. Hata siku ya afya mtu hukaa akilingojea shambulio lijalo, akaepuka harusi na chama, na huzuni ikamtawala. Maradhi haya huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume, nao ni wengi miongoni mwa wachumaji. Na tangu mashine za kuchuma zilipoingia, katika miaka ya 2000, kila anayekosa kazini huhofu kwamba nafasi yake itatoweka.

Enyi wasimamizi wa mashamba na viongozi wa chama cha wafanyakazi, kipanda uso na kiandikwe katika daftari za zahanati kwa jina lake, na mwenye nacho apewe ruhusa ya kupumzika kama apewavyo mwenye malaria.