Nyumba na Maji katika Uwanda wa Makonde

Uwanda wa Makonde, ambao mji wa Newala umekaa ukingoni mwake, ni nchi ya juu isiyo na mito. Mvua yake si haba, na aghalabu hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Walakini mchanga huinywa upesi, nayo maji hutokeza tena katika chemchemi za mabondeni.

Kwa nini basi watu walijenga mbali na maji? Hadithi ya asili ya Wamakonde, iliyochapishwa na Mjerumani Karl Weule aliyefika Newala mwaka 1906, yasema kuwa watoto waliozaliwa kando ya mto walikufa, na aliyezaliwa juu akaishi. Historia yaongeza sababu ya pili: vichaka vya uwandani vilikuwa ngome. Huko Masasi, nchi ya chini upande wa magharibi, Askofu Edward Steere aliweka mwaka 1876 kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia, na misheni ikahamia Newala kwa muda.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya miti, fito, udongo na nyasi. Vyote vilipatikana karibu, na nyumba ilipoanguka vilirudi kuwa ardhi. Paa la nyasi lilizuia joto. Hiyo ni sifa ya haki, lakini haijatimia. Maji ya nyumba hiyo yalipanda kutoka bondeni kichwani mwa mwanamke; kile ambacho nchi haikutozwa, yeye alitozwa kila siku.

Katika miaka ya 1950 mashine zilianza kupandisha maji kwa mabomba, na katika miaka ya 1970 Finland iliisaidia serikali kuendeleza kazi hiyo. Mashine, hata hivyo, hutaka nishati na fundi. Bati lilileta njia nyingine: paa, mfereji, na kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000. Paa la nyasi haliwezi kutoa maji safi kiasi hicho.

Bati nalo lina kasoro zake: hununuliwa kwa fedha, hutoka mbali, na hupasha nyumba joto. Kwa hiyo anayepima nyumba ifaayo uwandani asihesabu tu miti iliyokatwa. Ahesabu pia safari za bondeni, na nani aliyezikwenda.