Safu ya Lugha: Ubaguzi na utengano

Bado tunaandika magazetini kwamba ubaguzi wa Marekani ulikuwa wa majimbo ya Kusini tu. Kinachokusudiwa hapo ni utengano. Kubagua ni kumchambua mtu kwa rangi au asili yake na kumnyima haki. Utengano ni kuwaweka watu mahali tofauti. Katika Alabama na Mississippi, majimbo ya Kusini, utengano uliandikwa katika sheria na kubandikwa ukutani: bomba la maji ya kunywa la Wazungu, na la Weusi kando yake.

Illinois, jimbo la kaskazini, ilikataza utengano huo hotelini na katika kumbi tangu 1885. Ubaguzi haukukoma. Chicago, hati za nyumba zilizuia kumuuzia Mweusi, na katika miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali zilipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, ishara kwamba mkopo huko ni hatari. Martin Luther King alipoandamana humo mwaka 1966 kudai haki ya makazi, alipigwa jiwe kichwani. Tukisema kaskazini hakukuwa na ubaguzi, tunawadhulumu waliouonja. Vibao vya Kusini tuviite utengano wa kisheria.